Likizo ya wiki mbili na ubao mmoja: nibaki Mtwara na Lindi au nivuke maji?

Ticha wa Newala

Wakuu, kwema?

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Newala. Kwetu ni Mikindani, kazi ndiyo iliyonipandisha huku juu kwenye ukungu. Jioni nikienda kupunga upepo Shimo la Mungu naliona bonde lote la Ruvuma mpaka ng'ambo Msumbiji, ila maji ya chumvi hata tone. Mtoto wa pwani nafundisha mawimbi kwa chaki.

Naombeni ushauri kuhusu kuteleza kwenye mawimbi, sefingi kama wanavyosema vijana. Msicheke kwanza.

Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akijitolea Mikindani alirudi kwao akaniachia ubao wake. Futi saba na nusu, wa njano, mkia umechubuka, mapezi mawili badala ya matatu. Nikausukuma uvunguni. Siku moja narudi kutoka kipindini nakuta mama watoto ameutandaza juu ya matofali uani, kaanikia makopa ya muhogo. Na makopa yalikauka vizuri kuliko ya kwenye mkeka, sina la kusema. Mpaka leo anauita "ubao wangu".

Mwaka juzi nikaitwa Dar kusahihisha mitihani ya kidato cha sita. Jumapili mbili nikavuka Kigamboni, kijana mmoja wa pale akanikodisha ubao na kunisukuma. Mara ya ishirini hivi nikasimama. Sekunde tatu, wakuu. Nina miaka arobaini na mmoja, watoto watatu na mkopo wa benki, na kwa sekunde tatu sikuwa na kimojawapo. Tangu siku hiyo sijatulia.

Desemba nikashuka Mtwara, ubao juu ya keria, konda kaulipisha nauli kama abiria. Shangani maji yametulia kama ya kwenye karai. Nikajilaza kifudifudi nikapiga mikono nusu saa nzima. Watoto wakajaa ufukweni, mmoja akauliza, "Mjomba, unapiga pasi bahari?" Habari ilifika Newala kabla yangu. Kidato cha pili wananiita Ticha Pasi.

Kosa la pili ni la kijinga zaidi. Wakala mmoja wa safari mtandaoni alitangaza "mawimbi makubwa ya Kusini", picha inaonyesha wimbi refu kama ghorofa, maji ya bluu, mnazi umeinama. Nikatuma kianzio laki moja na nusu. Mwanafunzi wangu akaisaka ile picha kwenye simu dakika mbili tu: Hawaii. Wakala hapatikani.

Sasa nauliza kwa watu wa kweli. Nina likizo Juni na Desemba tu, kalenda ya shule haina huruma. Wiki mbili naweza kuziiba. Nataka pwani ya joto, bahari ya kuingia bila vazi la mpira, na mawimbi ya mtu anayejifunza. Msimbati? Lindi? Kilwa? Au nikusanye hela nivuke kwenda Zanzibar, Kenya, Msumbiji, au huko Sri Lanka na Bali ninakosikia? Aliyelowa ndiye ajibu, mwenye picha apumzike.

Korosho Daraja la Kwanza

Ticha Pasi 😂 karibu. Mimi sijalowa ila nimeona Olimpiki ya 2024. Wenyeji Paris, halafu mashindano ya mbao wakayapeleka Teahupo'o, Tahiti, katikati ya Pasifiki. Yaani Ufaransa nzima na pwani zake wameona hazitoshi, wewe unabembeleza Shangani? Nenda mbali njomba. Ukiamua kuuza ubao nishtue, na kwangu kuna makopa.

Binti Msangamkuu

Kaka Ticha, habari za huko juu. Mimi nimelowa, na nitaandika ndefu, tafuta chai.

Nimezaliwa Msangamkuu, ng'ambo ya bandari ya Mtwara. Babu alikuwa na ngalawa. Ndubi moja, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, ilipovunjika aliitupa nyuma ya jiko, sisi watoto tukaiokota: ubao wa mita moja na kitu, bapa, umelainishwa na maji ya miaka mingi mpaka haukuwa na hata kibanzi. Tulikwenda nao upande wa nje wa rasi, wimbi likishavunjika tunajitupa kifua juu yake, linatuleta hadi mchangani. Hakuna aliyetuambia kwamba ule mchezo una jina. Sisi tuliita kupanda ndubi. Ukubwani nikafanya kazi Paje misimu mitatu kwa watu wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara, na mwaka mmoja mwajiri wangu akanipeleka Sri Lanka miezi miwili kusaidia kambi ya wanaojifunza. Nimesukuma watu wengi kwenye mawimbi kuliko nilivyoteleza mwenyewe, wengine wana tumbo kubwa kuliko lako bila shaka.

Wewe ni mtu wa jiografia, fungua atlasi. Wimbi zuri la kuteleza linazaliwa na dhoruba ya mbali, kule kusini kabisa karibu na barafu, likasafiri maelfu ya kilomita. Njiani madogo yanakufa, yanayobaki yanajipanga, yanafika yakipishana sekunde 12, 14 na zaidi. Hilo ndilo linalokupa nafasi ya kuinuka, kukosea, na kujirekebisha. Sasa itazame Mtwara, nyuzi 10 kusini, halafu tazama Madagaska ilivyojilaza. Imekaa mlangoni kama bawabu. Kinachopenya kutufikia ni makombo. Mawimbi yetu mengi ni ya kusi, upepo wa kusini wa hapahapa, yamezaliwa jana, yanafuatana sekunde 6, 7, 8. Ukianguka, la pili limeshakufunika kabla hujatema maji. Mimi kabla ya kuingia hukaa mchangani nikahesabu. Yakipishana chini ya sekunde 6 narudi nyumbani kupika.

Desemba yako tuimalize haraka. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huku kwetu haipigi pwani kwa nguvu, na Shangani iko ndani ya ghuba iliyofunikwa, ndiyo maana meli kubwa zinaingia bandarini bila wasiwasi. Ulipiga pasi nguo isiyo na makunyanzi. Hata ungekuja Juni, pale ni pa kuogelea na watoto.

Juni ndiyo mwezi wako wa nyumbani. Ila kusi ikishaamka, mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, bahari yote inakuwa vurugu, povu kila mahali, huoni wimbi linaanzia wapi. Kwa hiyo unafanya kama wavuvi: unaamka na umande. Kwa walioko bara, umande huo si maji ya kwenye majani, ni ule upepo mwepesi wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Unalilaza wimbi uso, linakuja limenyooka. Una saa mbili, tatu ukijaliwa.

Hapa ndipo wageni wengi wanaharibu, kwa hiyo soma polepole. Wimbi letu linavunjika juu ya mwamba, na juu ya mwamba lazima kuwe na maji. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mpya, maji ya pwani yetu yanajaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na saa 4 asubuhi yamekupwa kabisa, tofauti ya zaidi ya mita 3. Saa hiyo akina mama wako juu ya mwamba na vijiti wanatafuta pweza. Ukifika na ubao wako utauliza bahari imekwenda wapi. Basi hesabu siku tano hadi saba baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwandamo. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku hizo yanajaa kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Ni maji mafu, hayapandi sana wala hayakauki sana, na yanakutana na umande. Katika mwezi mzima unapata vipindi viwili vya namna hiyo. Ukipanga likizo bila kutazama mwezi, umepanga kulala.

Mahali: Msimbati. Inatazama bahari kuu, si ghuba. Gari la abiria linapitia Madimba kwenye mitambo ya gesi, na ukifika unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Usikwepe, ile hifadhi ya tangu mwaka 2000 ndiyo imebakiza matumbawe unayoyaona. Tafuta sehemu yenye mchanga chini, mwambie kijana wa pale akuonyeshe, usijifanye unajua. Usiende kuelekea Ruvula kwenye mlango wa ghuba maji yanapotoka. Siku za bamvua mkondo pale unavuta kama lori, na ubao utakuwa umekubeba wewe kwenda Komoro.

Vaa raba za zamani. Mwambani kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, mwiba unakatikia ndani ya nyayo na likizo inaishia kitandani. Kwenye mchanga buruta miguu, usinyanyue, ili samaki taa aliyejifukia akusikie aondoke. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu yanapungua, halafu hospitali.

Kilwa nenda na wanafunzi wako kuona magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Kwa mawimbi, visiwa vimeikinga. Zanzibar upande wa Paje ni raha tupu lakini mwamba uko mbali, ndani ni bwawa la chumvi. Wenye tiara wanalipenda kwa sababu hiyohiyo, wao wanataka upepo na maji laini. Wewe unataka wimbi. Msichanganye mambo haya mawili, nimeona watu wamekuja na mbao kama yako Paje wakaishia kuzipigia picha. Kenya vivyo hivyo, Diani ni ya tiara. Malindi kidogo kuna mwanya kwenye mwamba na kusi huleta mawimbi mchangani, ila maji ni kahawia ya mto Sabaki.

Msumbiji ni habari nyingine. Ukishuka mpaka Tofo, Inhambane, Madagaska inaanza kukuachia na mawimbi ya kusini yanafika hasa Juni mpaka Agosti. Maji ni ya baridi kuliko yetu, si ya kukuua. Lakini usije ukaangalia ramani ukasema nitapanda mabasi kutoka Mtwara. Cabo Delgado, jimbo linalopakana nasi, kuna mapigano tangu 2017. Ni ndege kupitia Maputo, na hiyo ni hela.

Kama unakusanya hela, kusanyia Sri Lanka. Kisiwa kile kina milango miwili. Kusi yetu ikivuka ikweta inageuka kuwa upepo wa kusini magharibi unaoichafua pwani yao ya kusini, kwa hiyo Juni watu wanahamia mashariki, Arugam Bay. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka, na kuanzia Novemba mpaka Aprili pwani ya kusini inakuwa safi. Kati yao na barafu ya kusini hakuna Madagaska. Desemba yako inaangukia Weligama: ghuba pana, mchanga chini, maji ya kiunoni, wimbi jeupe linakusukuma taratibu kama mama anayembembeleza mtoto aende shule. Pale nimemsimamisha mama wa miaka 63 siku ya pili. Bajaji zao zina vyuma vya kubebea mbao, hakuna konda wa kukulipisha nauli ya ubao. Chakula wali na samaki wa tui, utajisahau uko Mikindani mpaka pilipili ikukumbushe. Wale wavuvi wanaokaa juu ya miti iliyochomekwa baharini utawaona barabara ya kuelekea Galle, ila siku hizi wengi wanavua picha za watalii.

Bali achana nayo kwanza. Mawimbi yapo, na watu wapo juu ya kila wimbi.

Ningekuwa wewe: Juni hii Msimbati siku tano, Desemba ya mwakani Weligama.

Mchinga Mbili

Dada umeiruka Lindi kama dimbwi la barabarani.

Ila kwa haki, sina cha kukupinga sana. Ghuba ya Lindi ni mdomo wa Lukuledi, maji yametulia, kwenda Kitunda unavuka na boti bila kulowa pindo. Huku Mchinga kusi ikikaza kunakuwa na vimawimbi watoto wanapanda kwa vifuniko vya maboksi ya samaki, yale ya sponji. Nilijaribu na kifuniko cha binamu yangu, kikakatika katikati, tukauza vipande kwa mwenye boya za nyavu. Ndiyo historia ya sefingi Lindi.

Nilichotaka kuongeza ni tahadhari ya Desemba mpaka Aprili. Ukanda wetu si wa vimbunga sana lakini usijisahau. Marehemu bibi alikuwa akihesabu umri wa watu kwa kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi: huyu alikuwa anatambaa, huyu alikuwa tumboni. Na Aprili 2019 Kenneth alitua Cabo Delgado, Mtwara watu walishahamishwa kutoka mabondeni. Siku kama hizo bahari inaleta mawimbi makubwa mazuri kwa macho kabla mawingu hayajafika. Ticha, ukiona Shangani imeota wimbi kama la Hawaii, kimbilia bara.

Fundi Matengo

Nasomewa na mjukuu wangu, yeye ndiye anaandika.

Binti wa Msangamkuu amesema kweli kuhusu umande, lakini amesahau moja. Julai kusi ikikomaa hailali usiku, umande haupati nafasi. Mwanzo wa Juni bado inapumzika. Mwalimu asiamini simu. Aamke, atazame moshi wa jiko la kwanza kijijini. Moshi ukiinamia baharini, aingie. Ukisimama wima, asubiri kidogo. Ukirudi bara, arudi nao akanywe uji.

Ndubi ya babu yako binti, huenda niliichonga mimi. Nimechonga nyingi pale.

Mwalimu ametaja mkia wa ubao umechubuka. Sikiliza. Zamani kidogo mgeni aliniletea ubao wa namna hiyo, una ufa kama unywele. Mimi ni fundi wa mbao, nikafanya ninachokijua: nikaukalafati. Pamba nikaisokota, nikaigongomea ndani ya ufa kwa patasi ya kalafati, nikapaka sifa. Ubao haukuvuja. Lakini sifa ni mafuta ya papa, na ndani ya ubao ule kuna sponji, imeyanywa yote. Paka wa mtaa mzima walilala mlangoni kwa yule mgeni wiki nzima. Alipoingia nao baharini alisema hata samaki walikuwa wanamfuata, sijui kama alikuwa anatania. Sikumtoza hela.

Basi usifanye hivyo. Uweke kivulini, ufa ukitazama chini, mpaka maji yote yatoke, wiki au zaidi. Jua kali linaivimbisha sponji, kwa hiyo yale makopa sasa basi. Kisha mpelekee fundi wa boti za fiba, si sisi wa ngalawa, akupigie msasa na rezini. Pezi la tatu naweza kukuchongea la mninga ukiniletea moja la mfano.

Ticha wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Dada, ahsante, nimeisoma mara tatu na nimeichora ubaoni: Madagaska, kusi, dhoruba za kusini, mishale yote. Kidato cha tatu wamenyamaza kipindi kizima, jambo ambalo halijatokea tangu Januari. Mmoja akauliza kwa nini kitabu hakisemi hivyo. Nikamwambia kitabu hakijalowa.

Maswali mawili. Papa? Mama watoto ameshasikia habari za Réunion, kile kisiwa cha Wafaransa mashariki mwa Madagaska, na amesema kama kuna papa basi ubao unarudi kwenye makopa. La pili, naona aibu kulisema: naogelea, lakini si sana. Tangu nipande Newala nimeishiwa pumzi. Labda mita hamsini.

Na mzee, pezi la mfano nalileta. Ubao umeshalala kivulini, umevuja maji kikombe kizima, sikujua kama ulikuwa unayabeba.

Fundi Matengo

Marahaba mwalimu. Kikombe ni kidogo. Endelea kuulaza.

Binti Msangamkuu

Réunion ni kweli, tangu 2011 walipata mfululizo wa watu kushambuliwa, na 2013 serikali yao ikapiga marufuku kuteleza na kuogelea sehemu kubwa ya pwani. Nilifanya kazi na kijana wa huko, alihama kwa sababu hiyo, akizungumzia wimbi la Saint-Leu utadhani anamzungumzia mchumba aliyeolewa na mwingine. Lakini kila pwani ina mambo yake. Miaka yote niliyokaa kwenye maji ya Mtwara, walioumia mbele ya macho yangu ni wa mwamba, wa mkondo, na mmoja wa ubao wake mwenyewe uliomrudia usoni. Mwambie wifi hivyo. Mwambie pia asubuhi na mapema maji yakiwa machafu baada ya mvua, karibu na mdomo wa mto, hatuingii.

Hiyo ya mita hamsini sasa. Kaka, hapo nakukemea kama dada yako. Kamba ya mguuni inaweza kukatika, nimeona zikikatika, na ubao unafika ufukweni kabla yako. Usiingie Msimbati kabla hujaweza mita mia mbili bila kugusa chini, ukiwa umechoka. Una muda mpaka Juni. Kila ukishuka Mtwara kwa mshahara au harusi, nenda Shangani, ile ile ya pasi, maji yakiwa yamejaa, ogelea sambamba na ufukwe. Waache watoto wacheke. Na kujifunza kuinuka hakuhitaji bahari: chora ubao kwa chaki sakafuni sebuleni, lala kifudifudi, viganja chini ya mbavu, sukuma, miguu yote miwili itue kwa pamoja, magoti yamekunjwa. Mara thelathini kila asubuhi. Ukianguka majini, anguka bapa kama mkeka, kichwa usikitangulize, na ukiibuka mkono mmoja uwe mbele ya uso.

Nta ya kupaka juu ya ubao usiteleze, usinunue ya mtandaoni, ikifika huku inayeyuka kama siagi. Mimi nachukua nta ya nyuki ya Liwale, nachemsha na mafuta ya nazi kidogo sana, namimina kwenye kifuu. Ikiganda unapaka kwa kuzungusha. Ukizidisha mafuta umejitengenezea utelezi.

Vyumba Juni si tatizo. Tatizo ni kuanzia Oktoba, msimu wa korosho, wanunuzi wamejaa mji mzima na bei zinapanda kama minada.

Korosho Daraja la Kwanza

Mimi niliyecheka mwanzo, sasa nauliza kwa heshima. Huo mwandamo wa Juni hesabu yake inaangukia siku za wiki au mwisho wa wiki? Nina binamu Madimba, na nyumbani kuna mlango wa friji mbovu. Unaelea, nimeshaupima kwenye pipa.

Binti Msangamkuu

Njomba, mlango wa friji una kingo za bati, utamkata mtu. Uache kwenye pipa. Mimi nina ubao wa sponji wa ziada, mtapokezana na Ticha.

Ticha, ukifika Mtwara jioni usiende Msimbati usiku. Lala mjini, kesho yake uvuke kwangu Msangamkuu kwa kivuko cha kwanza, nikutazame ukiogelea hizo mita mia mbili kwanza. Ukiziweza tunaondoka wote na boda mbili, ubao tunaufunga ubavuni kwa mpira wa tairi la baiskeli. Usiziweze, tutakula ming'oko na pweza, na ubao utabaki kwangu mpaka uziweze. Mlete na wifi. Namletea mkeka mpya wa makopa.